Swichi ndani, taa nje: muulize fundi nyutro inatoka wapi

Mkuu, nimekuelewa hivi: nyumba mmeshahamia, taa ya uani upande wa jikoni haina swichi yake, na fundi amekwambia atachukua umeme kwenye soketi ya friji, aweke swichi juu yake, kisha atoboe ukuta atokee nje. Unauliza kama ni salama na ununue waya gani. Kazi inawezekana, na si kubwa, lakini njia aliyokwambia usiikubali.

Nilisomea umeme VETA, na wiring za nyumba nimezifanya Dar na Tanga kwa miaka mingi. Nikiitwa kurekebisha, mara nyingi ni taa ya nje, na mara nyingi swichi yenyewe ni nzima. Shida huwa umeme ulichukuliwa wapi, na maji yameingilia wapi.

Soketi kwanza. Saketi yake inalindwa na breka kubwa, 20A au 32A, wakati waya wa taa ni wa 1.5 mm². Taa ya LED peke yake haiwezi kuuzidia waya huo. Lakini taa ikishakaa uani, kuna siku mtu ataunga hapo pampu ya maji, pasi na vingine kwa pamoja, waya utachemka ndani ya ukuta na breka haitashtuka, kwa sababu kwake huo bado ni mzigo mdogo. Kama kweli hakuna pengine pa kuchukua umeme, basi lazima kati ya soketi na swichi liwekwe boksi lenye fyuzi ya 3A. Hilo nalifanya kama njia ya mwisho.

Njia nzuri iko karibu zaidi: swichi ya taa ya jikoni. Toa ile yenye kibonyezo kimoja, weka yenye viwili. Waya wa moto (unaoleta umeme) tayari umo kwenye lile boksi, kwa hiyo fundi anaunga kipisi kifupi kutoka COM (tundu la kuingizia moto) ya kwanza kwenda COM ya pili, na kutoka L1 (tundu la kutokea) ya kibonyezo cha pili anapeleka waya kwenye taa ya nje. Saketi ni ya taa, breka ni ya taa (kwa kawaida 6A au 10A), waya ni 1.5. Hapo ukuta hautinduliwi sana.

Sasa nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, na hapa nakuomba usome taratibu. Nyumba zetu nyingi zimepitishiwa waya mmojammoja ndani ya mabomba, na kwenye boksi la swichi nyutro huwa haipo. Iko juu darini, kwenye taa. Fundi mwenye haraka hapendi kupanda darini. Anachukua moto kwenye swichi, halafu nyutro anaiiba kwenye soketi iliyo chini yake. Taa inawaka vizuri kabisa, mwenye nyumba analipa, fundi anaondoka. Kasoro inabaki ukutani.

Niliwahi kufungua kazi ya namna hiyo kwenye nyumba moja Tanga. Tulikuwa tunabadilisha soketi, breka ya soketi nimezima, nimepima, hakuna umeme. Taa ya nje ilikuwa imewashwa mchana, hakuna aliyeiangalia. Nikafungua konekta ya nyutro nyuma ya soketi, na kabla ya kushika zile ncha nikazipima tena na ethi (waya wa ardhini). Moja ikasoma zaidi ya volti 200. Umeme ulikuwa unatoka kwenye breka ya taa, unapita kwenye taa ya nje, unarudi kwa nyutro ya soketi, na mimi nilikuwa nimeikata njia yake ya kurudi. Fundi anayetegemea breka iliyozimwa angeishika ile ncha kwa vidole viwili. Zaidi ya hatari hiyo, nyumba ikiwa na RCD (kifaa kinachokata umeme unaotoka usiporudi wote) inayolinda soketi tu, kila ukiwasha taa ya nje RCD inakata, na utabadilisha taa na swichi bila kupona.

Kwa hiyo nyutro ya taa ya uani itoke kwenye taa ya jikoni, darini, pamoja na ethi. Nunua nyaya tatu: moto uliotoka kwenye swichi, nyutro, ethi. Ethi usiiache hata kama taa uliyonunua ni ya plastiki, maana kesho utaweka ya bati.

Jambo jingine la kusimamia: swichi ikate moto. Isikate nyutro. Ikikata nyutro, taa inazima lakini holda bado ina umeme, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu anashika holda yenye moto akijua amezima. Dalili yake mojawapo ni LED kuwaka kwa mbali usiku hali swichi imezimwa. Dalili hiyo pia huletwa na swichi zenye kitaa kidogo ndani, au waya mrefu unaopita sambamba na waya wenye moto, kwa hiyo usihukumu kwa macho, pima. Rangi nazo usiziamini. Kuna nyumba zenye nyekundu na nyeusi za zamani, kuna za kahawia na bluu, na kuna zilizochanganywa zote.

Kwa upande wa nje, nunua taa yenye alama ya IP65 (haiingizi vumbi wala maji ya kurushwa), hasa kama iko wazi mvuani. Waya uingie kwa chini, au uupinde ushuke kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani. Silikoni paka juu na pembeni mwa kitako cha taa, chini acha wazi, unyevu upate pa kutokea. Ukiwa karibu na bahari tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Nimefungua taa za Tanga ambazo shaba ya waya imegeuka unga wa kijani na skrubu inasagika kwenye bisibisi. Zile nyaya laini za spika usiruhusu zitoke nje kabisa. Jua linazipasua.

Kama mna inverter au sola, kuzima meinswichi pekee hakutoshi, zima na hiyo. Tesita ya bisibisi isiwe kipimo chenu cha mwisho. Atumie mita, aijaribu kwanza mahali penye umeme, apime anapofanyia kazi, airudishe tena penye umeme kuhakikisha bado inasoma. Na fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), mwombe akuonyeshe.

Kabla hajaziba plasta, mwambie azime kila kitu, aitoe nyutro ya saketi ya taa kwenye baa ya nyutro (sehemu ya boksi la breka zinapofungwa nyutro), kisha kwa mita apime mwendelezo, yaani kama njia imeungana, kati ya nyutro ya taa ya uani na ile baa. Mita ikilia, nyutro imeibwa pengine, arudi darini. Isipolia, airudishe na kuikaza ile nyutro, aunganishe, awashe. Akikwambia kipimo hicho hakina haja, tafuta fundi mwingine.