Usingizi wa Mkekani: Kwa Anayeanza Kutafakari Pumzi

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafakari pumzi, yaani kukaa kimya na kuifuatilia pumzi ikiingia na kutoka, uliishia katika vita na usingizi. Niko Entebbe, nafungua duka saa moja asubuhi, kwa hiyo nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri na kutandika mkeka. Hazipiti dakika kumi, kidevu kimegusa kifua. Nikajiona mvivu. Nikaongeza muda wa kukaa, nikakaza mgongo, na hali ikazidi kuharibika.

Nilikwenda kituo cha Kibuddha cha Garuga, karibu na Entebbe, kile alichoanzisha mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda mwenzetu, mwaka 2005. Mwalimu niliyemkuta akaniuliza jambo moja tu: unalala saa ngapi? Nikamjibu, saa sita usiku. Akaniambia nirudi nyumbani nikalale.

Basi anza hapo. Mwili uliochoka upe usingizi wake. Ila kuna uzito mwingine, unaokujia hata kama umelala vizuri: akili inapoteza ladha ya pumzi, inazama. Huo ndio Buddha aliouhesabu kati ya vizuizi vitano vya kutafakari. Mwanafunzi wake Moggallana aliposumbuliwa nao, Buddha alimwambia avute masikio, asugue viungo, anawe macho na kutazama nyota, atembee huku na huko. Yote yakishindikana, alale kwa ubavu wa kulia, akiweka nia ya kuamka. Mimi kinachonisaidia zaidi ni maji baridi na kutembea uani.

Vizuizi vyote vitano Buddha alivifananisha na maji ambayo huwezi kuona uso wako ndani yake. Tamaa ni maji yaliyotiwa rangi, chuki ni maji yanayochemka, uzito ni maji yaliyofunikwa na mimea, wasiwasi na majuto ni maji yanayopigwa na upepo, na shaka ni maji ya matope gizani. Sisi wa kando ya Ziwa Nyanza tunaelewa upesi: magugu maji hayaondoki kwa kungoja upepo utulie. Kwa hiyo kabla hujatafuta dawa, tambua kwanza ni maji gani yaliyo mbele yako.

Kuhusu hatua, usiwe na haraka kama nilivyokuwa. Mafundisho ya Buddha kuhusu pumzi yana hatua 16, na nne za kwanza zinatosha kukushughulisha miaka: kujua pumzi ndefu, kujua fupi, kuhisi mwili wote, kuutuliza mwili. Akili ikitangatanga, hesabu pumzi. Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5, alishauri kila mzunguko wa hesabu usipungue pumzi tano wala usizidi kumi.

Halafu itafika siku pumzi itakuwa nyembamba hadi uone kama imekatika. Mimi niliogopa, nikavuta hewa kwa nguvu, na utulivu wote ukapotea. Usifanye hivyo. Buddhaghosa anatoa mfano wa mkulima aliyewafungulia ng'ombe wake baada ya kulima, nao wakaingia msituni. Hawafuati huko. Anakwenda kuwangoja pale wanaponywea maji.

Pangu pa kuingojea pumzi ni juu ya mdomo, chini kidogo ya pua. Nakaa hapo nangoja. Asubuhi nyingine pumzi inarudi mara moja. Nyingine jua linachomoza juu ya ziwa bado nangoja.