Uliza Fundi wa Mgodini: Kaa Anayekula Makaa

Maswali yanajibiwa na fundi mitambo mstaafu, mkazi wa Kyela, aliyefanya kazi miaka 17 katika migodi ya makaa ya mawe ya Mpumalanga, Afrika Kusini.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasoma mambo ya madini hapa Dodoma. Mwalimu ametuambia kwamba huko Marekani mashine za kukata makaa zilienea miaka mingi kabla ya mashine za kupakia. Mimi naona ingekuwa kinyume. Kukata mwamba ndiyo shughuli, kupakia ni chepe tu. Kwa nini kupakia kulichelewa? Na mashine ya Joy, ambayo naikuta kila kitabu, inafanyaje kazi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hilo "chepe tu" limenichekesha mpaka bibi yako akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Fikiria tabaka la makaa lenye kimo cha meza ya kulia chakula. Pennsylvania na West Virginia matabaka ya namna hiyo si haba. Kusimama huwezi. Unapiga magoti, unalirusha chepe kwa ubavu, makaa yavuke ukingo wa toroli la reli, na unafanya hivyo kutwa. Sasa mashine ya kukata ina bahati moja: ukuta wa makaa hauendi popote. Unaiegemeza pale, inachimba mfuo mwembamba chini ya ukuta, kisha baruti inaangusha kilichobaki juu. Lakini baruti ikishalia, kinacholala chini ni vurugu. Hapa bonge ukubwa wa kreti la soda, pale unga, jiwe limejichanganya, na nguzo za mbao zimesimama katikati zikishikilia dari. Mtu mwenye chepe anaona, anachagua, anaizunguka nguzo, jiwe analitupa pembeni. Kukipa chuma akili hiyo ndiko kuliwatoa watu jasho.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ya pesa, na vitabu vyenu vya uhandisi huipita haraka. Mpakiaji wa Marekani alilipwa kwa tani. Alitundika kwenye toroli kibati cha shaba chenye namba yake, toroli likapimwa juu, akaandikiwa. Kusimika nguzo, kutandika reli, kuondoa mawe yaliyoporomoka, kazi hizo mara nyingi hazikulipwa kabisa. Na toroli tupu lisipofika, alikaa gizani akingoja. Angoje saa moja, angoje tatu, mwenye mgodi hakupoteza senti. Wewe ungekuwa mwenye mgodi ungenunua mashine ya nini?

Kwa hiyo 1923, wakati zaidi ya nusu ya makaa yao ya chini ya ardhi yalikuwa tayari yanakatwa kwa mashine, yaliyopakiwa kwa mashine hayakufika hata asilimia 1. Mwaka 1940 yalikuwa kama theluthi moja. Mwaka 1950, karibu asilimia 70. Yaani kizazi kimoja tu.

Joseph Joy alizaliwa 1883 Cumberland, Maryland, na aliingia mgodini angali mtoto. Chepe alilijua kwa mgongo wake. Mashine iliyobeba jina lake ilipata hataza 1919, na hadi leo ukiingia mgodi mkubwa wa makaa wa chini ya ardhi mara nyingi utaukuta ujanja wake, hata kama chuma kimebadilika sura. Mbele kuna sinia la chuma lililoinama, ambalo linasukumwa chini ya rundo. Juu ya sinia kuna mikono miwili, kila mmoja umefungwa kwenye sahani inayozunguka. Mkono wa kushoto ukikomba, wa kulia unarudi nyuma kujipanga. Wa kulia ukikomba, wa kushoto unarudi. Umewahi kumtazama kaa ufukweni akila? Ndivyo. Makaa yanasukumwa katikati ya sinia, yanadakwa na mnyororo wenye vipande vya chuma vilivyokaa kama vipandio vya ngazi, yanapanda mgongoni mwa mashine hadi mkiani. Mkia unageuka kushoto na kulia, kwa hiyo mashine inaweza kula mbele huku ikimimina kwenye gari lililosimama kwa pembe. Chini ina minyororo ya kutembelea kama ya tingatinga.

Tazama sasa kilichotokea. Mashine inajaza toroli kwa dakika moja hivi, halafu inasimama. Inangoja toroli jingine! Kungoja kulekule kwa yule mpakiaji, ila safari hii mwenye mgodi ndiye anayelipia kungoja huko, kwa kuwa mashine aliinunua kwa mkopo na dereva wake analipwa kwa siku. Hapo ndipo akili zikafunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 yakaja magari ya matairi yanayokwenda na kurudi bila reli, yenye mnyororo wake sakafuni wa kujimwaga, ambayo sisi tuliyaita shatoka. Mwaka 1948 kampuni ya Joy ikatoa mashine inayokata na kupakia kwa pamoja bila baruti. Kule Mpumalanga tuliiita siemu. Mbele ina pipa kubwa lenye meno linalosaga ukuta, na chini ya pipa, sinia lilelile na mikono ileile. Siku hizi nyingine zina nyota zinazozunguka badala ya mikono.

Kwenye sehemu yangu, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Witbank na sasa ni eMalahleni, jina ambalo maana yake ni mahali pa makaa, tulikuwa na siemu moja, shatoka tatu, na fida, yaani kisanduku kikubwa cha chuma chenye mnyororo na meno ya kuvunja mabonge, kinachopokea makaa kutoka kwa shatoka na kuyalisha polepole mkanda unaoyabeba kuyatoa nje. Siemu ilijaza shatoka moja kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Mkanda ukiwa jirani, shatoka zinapishana vizuri na siemu hainyamazi. Lakini siemu inasonga mbele kila zamu, mkanda umebaki ulipo, na kila mita inayoongezeka shatoka inailipa mara mbili, kwenda na kurudi. Kuna mgodi mmoja, jina nitaliweka moyoni, ambako meneja alichukia kusogeza mkanda kwa kuwa kusogeza kunakula zamu nzima bila tani hata moja kuandikwa. Akaahirisha wiki, akaahirisha nyingine. Mimi nilisimama na saa mkononi: siemu ilifanya kazi dakika moja, ikangoja karibu tatu. Kwenye ripoti wakaandika "mashine inasuasua", na fundi nikaitwa kuichunguza. Niichunguze nini? Ilikuwa nzima kama yai.

Ukihitimu na kupewa sehemu yako, usianze kuangalia meno ya siemu. Anza na umbali wa fida.

Jambo moja zaidi, maana umeuliza historia. John L. Lewis, kiongozi wa chama cha wachimbaji wa Marekani, hakuzipinga mashine. Alizikubali, akadai mishahara mikubwa na, kuanzia 1946, mfuko wa matibabu na pensheni uliochangiwa kwa kila tani iliyotoka. Waliobaki kazini walinufaika. Ila mwaka 1950 wachimbaji walikuwa zaidi ya laki 4, na miaka 10 baadaye hawakufika laki 2. Weusi wa West Virginia, ambao wengi wao walikuwa wapakiaji wa mkono, walikuwa wa kwanza kuambiwa waende nyumbani. Mimi ningekuwa Lewis sijui ningefanya nini, lakini hesabu yake haikumwangukia kila mtu sawa.

SWALI: Habari za Kyela, Mzee. Ni kweli ulikatwa kidole na hiyo mikono ya kaa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Nzuri. Kweli, cha pete, mkono wa kushoto. Jiwe lilibana chini ya mkono wa siemu, nikazima swichi ya kwenye mashine na kwenda kulitoa. Nilitakiwa kwanza kurudi hadi kwenye boksi la umeme, nizime, nipige kufuli yangu, na ufunguo uwe mfukoni mwangu. Ni mwendo wa dakika 4. Jiwe lilipoachia, mkono ulijirudisha kwa mkazo uliokuwa umebaki kwenye mfumo wake. Hakuna aliyewasha kitu. Wa kulaumiwa ni mimi. Pete niliivua asubuhi hiyo, mke wangu anayo.

SWALI: Mzee, naendesha loda ya matairi kwenye mgodi wa wazi huku Ngaka, Mbinga. Tunajaza tipa siku nzima. Wenzangu wanabishana: siku makaa ya juu yakiisha tukaingia chini, si tutaingia na loda zetu hizihizi? Nani yuko sahihi?
Dereva, Mbinga

JIBU: Anayekataa ndiye aliye sahihi, na anayesema ataingia nayo asipewe funguo.

Makaa yana gesi ya methani ndani yake. Unapoyavunja, inatoka. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha, na vumbi la makaa lililotulia ukutani linanyanyuka na kuwaka nyuma yake, mlipuko wa pili ukawa mkubwa kuliko wa kwanza. Loda yako ina betri wazi, alteneta, stata, bomba la moshi linalochemka, tabo inayong'aa nyekundu ukipanda mlima. Kila kimoja ni kiberiti. Chini ya ardhi, injini ya dizeli inayoruhusiwa moshi wake hupozwa kwa maji kabla ya kutoka, na hakuna sehemu ya nje inayoruhusiwa kupita nyuzi 150. Mota za umeme zinakaa ndani ya maboksi mazito ambayo hata gesi ikiwakia humo, moto hautoki nje. Siemu yenyewe ina kipima gesi karibu na meno, nacho hukata umeme mapema, methani ikiwa bado mbali na hiyo asilimia 5.

Halafu kimo. Kabini yako peke yake ingegonga dari kwenye matabaka mengi. Na kugeuza? Njia ni nyembamba, nguzo za makaa zimeachwa kila upande. Kwa hiyo ndugu yake loda yako aliyezaliwa kwa ajili ya chini ni mfupi, mrefu kwenda mbele, amekatwa kiunoni ili apinde kona, na dereva anakaa ubavu. Ndiyo, ubavu. Anaingia akitazama kushoto, anatoka akitazama kulia, shingo ndiyo inayofanya kazi ya kioo. Hubeba makaa yeye mwenyewe hadi fida, hajazi tipa. Sisi tulimtumia zaidi kusafisha makaa yaliyomwagika na kubeba vifaa, maana kwa tani hafui dafu mbele ya siemu.

Ukitaka kuona tofauti bila kusafiri mbali, mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza 1988, ni wa chini ya ardhi. Omba ruhusa ukasimame mdomoni mwake tu. Ukiuona utaelewa.

SWALI: Shikamoo Baba. Baba yangu mzazi alifanya kazi kwenye makaa Afrika Kusini kuanzia 1994 hadi 2009, dereva wa shatoka. Sasa ana miaka 66, akipanda ngazi za zahanati anapumzika mara tatu. Kikohozi hakiishi. TB wamepima, hana. Yeye anasema mashine zilimwokoa, maana kaka zake walibeba chepe. Je, mashine inaweza kuwa ndiyo iliyomuumiza? Na kuna pa kuanzia?
Binti, Tunduma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe baba pole, mwambie fundi mwenzake anamsalimu.

Vyote viwili ni kweli. Mashine ilimwokoa mgongo. Lakini chepe linabeba bonge kama lilivyo, wakati pipa la meno linasaga, na kusaga huzalisha vumbi jembamba lisiloonekana hata kwa taa, lile linalopita pua na koo na kwenda kukaa kabisa chini ya pafu. Dereva wa shatoka anapokea mkiani mwa siemu, hewa inayomrudia ndiyo iliyopita kwenye vumbi. Siemu zina vinyunyizio vya maji na feni za kuvuta vumbi. Vinyunyizio vinaziba kila zamu, nami najua kwa kuwa nilivizibua kwa sindano, na zamu yenye haraka haingoji vizibuliwe. Wamarekani walilijua hili kwa uchungu: Februari 1969 wachimbaji kama 40,000 wa West Virginia waliacha kazi wakidai sheria ya ugonjwa wa mapafu meusi, na mwisho wa mwaka huohuo sheria ya nchi nzima ikapitishwa, ikiweka kikomo cha vumbi.

Mimi si daktari, siwezi kusema ana nini. Lakini Afrika Kusini ina sheria ya 1973 ya magonjwa yatokanayo na migodi, nayo haiwabagui wageni. Mchimbaji wa zamani ana haki ya kupimwa bure kila baada ya miaka 2, na akikutwa na ugonjwa huo analipwa fidia. Ofisi inayothibitisha iko Johannesburg, inaitwa Medical Bureau for Occupational Diseases. Andikeni huko muulize utaratibu wa mtu aliye nje ya nchi. Wakati mnasubiri, hospitali ya mkoa impige picha ya kifua na kumpima nguvu ya pumzi, na mwambieni daktari waziwazi kwamba alikuwa makaani miaka 15, maana wengi hapa kwetu hawaulizi.

Tafuta pasipoti yake ya zamani, karatasi za mshahara, kadi ya kazini yenye namba yake, na cheti cha siku alipoacha kazi. Namba ile hata kama karatasi zimeliwa na mchwa, yeye ataikumbuka; mimi yangu nakumbuka mpaka leo. Iandike leo hii. Dalali akija akisema atafuatilia kwa asilimia 30, mkaribishe chai na umsindikize. Na huko Johannesburg tumeni nakala, karatasi zenyewe zibaki kwenye sanduku la baba.