.375 inatawanya risasi? Anzia kwenye skrubu

Ndugu yangu, unasema bunduki yako ya kuwindia ya .375 H&H ilikuwa ikiweka risasi tatu ndani ya kiganja kwa mita 100, na tangu urudi kuwinda Rukwa zinatawanyika hadi sentimita 30. Usinunue darubini mpya ya kulengea bado. Barabara mbovu hulegeza skrubu, na .375 yenyewe ina teke kali.

Kwanza toa risasi zote, kisha hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole. Shika darubini kwa mkono mmoja, bunduki kwa mwingine, uitikise. Ikicheza hata kidogo, umempata mchawi. Kaza pete za darubini, halafu skrubu za chini zinazobana chuma cha bunduki kwenye mti, yaani ile sehemu ya mbao. Hizo wengi huzisahau. Mimi huchora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye pete. Nikishapiga risasi kumi natazama: mstari ukikatika, skrubu imezunguka.

Mtutu nao usafishe kwa dawa ya kuondoa shaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, endelea.

Ukienda kujaribu, tumia risasi za aina moja. Za greni 270 na za 300 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) huenda zisipige mahali pamoja. Egemeza mti wa mbele kwenye mfuko wa mchanga, kamwe si mtutu, na uache mtutu upoe.

Bado zinatawanyika? Azima darubini ya mwenzako ambayo imethibitika, uifunge, upige tena. Hapo ndipo utajua kama darubini yako imekufa.