Bakteria Asiye na Ubongo Huchaguaje Sukari?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea kazi za maabara hapa Dar es Salaam. Tukiotesha bakteria Escherichia coli kwenye agari ya MacConkey, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria chenye laktosi, yaani sukari ya maziwa, asubuhi yake tunakuta makoloni ya waridi. Mkufunzi anasema wakipewa na glukosi pia, huimaliza glukosi kwanza. Nani huwaelekeza?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu msomaji, rangi hiyo hutokana na asidi inayozalishwa bakteria wanapoichachusha laktosi, kazi inayohitaji protini mbili: ya kuiingiza ndani ya seli, yaani mlango wake, na kimeng'enya beta-galaktosidasi cha kuivunja. Jeni za kuunda protini hizo zimefuatana kwenye DNA, na pasipo laktosi hukaliwa na protini ya kuzuia, zisisomwe. Laktosi ikiingia, kiasi chake hugeuzwa alolaktosi, ambayo hukishika kizuizi hicho na kukibadili umbo hata kikabanduka.

Wengi hukwama hapa, na wana haki: ikiwa mlango haujaundwa, laktosi ya kwanza hupita wapi? Ukweli ni kwamba kizuizi hakibani wakati wote. Mara moja moja hubanduka chenyewe, na katika upenyo huo huundwa molekuli chache za mlango na za kimeng'enya, zinazotosha kuionja sukari iliyoko nje. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzuri wa mfumo mzima, kwa sababu laktosi yenyewe ndiyo inayoleta habari zake, na kimeng'enya kinaweza kuongezeka hadi takriban mara 1,000.

Glukosi nayo, inapoingia, huubana mlango wa laktosi na kupunguza cAMP, molekuli ambayo ikipungua, jeni hizo husomwa kwa unyonge hata kizuizi kikiwa kimeondoka.

Mwanabiolojia Mfaransa Jacques Monod, aliyefafanua mfumo huu pamoja na mwenzake François Jacob mjini Paris mwaka 1961, alikuwa ameona mapema kwamba bakteria waliopewa sukari hizo mbili huongezeka, husimama, kisha huanza tena. Kusimama huko ndiko kuunda kimeng'enya. Mkufunzi akiruhusu, wakuzeni katika kimiminika chenye glukosi kidogo na laktosi nyingi, mpime kinavyopoteza uangavu kwa wingi wa bakteria kila baada ya dakika 10 na kuchora grafu: mtauona mstari ukipanda, ukilala, kisha ukipanda tena.