Neno "run" kwa mtembeza wageni wa Mji Mkongwe

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mgeni uliyemtembeza Forodhani alikwambia "we are running late" hali ya kuwa ameketi anakunywa maji ya miwa, na ukaomba orodha ya maana zote za "run", ambayo wewe unaijua kuwa ni kukimbia, uihifadhi. Alikusudia kuwa mmechelewa, basi. Orodha sikushauri, kwani wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake.

Hifadhi kila maana pamoja na maneno yanayoifuata, kama sisi tulivyozoea kupiga hodi, kupiga pasi na kupiga mbizi bila ya kumfikiria anayepigwa. "Run out of water" ni kuishiwa maji. "Run a hotel" ni kuiendesha. "Run into a friend" ni kukutana naye bila ya kutarajia, ilhali "run into a wall" ni kuugonga. Inayohitaji tahadhari zaidi ni "run-down", kwani jengo likisemwa hivyo limechakaa, na mtu akisemwa hivyo amechoka na afya yake imedhoofu.

Zingatia pia mgeni anatoka wapi: anayegombea ubunge Uingereza husemwa kuwa anasimama, "stand", na mgombea wa Marekani husemwa kuwa anakimbia, "run", ingawa uchaguzi ni uchaguzi.

Kila jioni andika sentensi nzima uliyoisikia kazini, pamoja na jambo lililokuwa likizungumzwa, kisha itumie kwa mgeni wa kesho.