Sanamu ya chuma ya kukaa nje: anza na njia ya maji

Miaka kadhaa iliyopita hoteli moja ya ufukweni ilitupa kazi ya kutengeneza samaki nduaro wa chuma, urefu mita 4, kama anayeruka kutoka majini. Mifupa tukaijenga kwa mabomba, ngozi tukaivika shiti ya milimita 3. Siku ya kumsimamisha watu walipanga foleni kupiga naye picha.

Baada ya masika mawili nikapigiwa simu. Pale mkia ulipoungana na nguzo palikuwa panachuruzika maji ya rangi ya chai. Nikaigonga nguzo kwa nyundo, nikianzia juu. Juu ililia kama kengele. Karibu na zege sauti ikawa nzito, ya kitu kilichojaa. Nilipotoboa kwa drili, maji meusi yakaniruka hadi kifuani. Rangi ya nje haikuwa na mchubuko hata mmoja. Chuma kililiwa kutoka ndani.

Maji yaliingiaje kwenye bomba lililozibwa kila upande? Bomba likipigwa na jua, hewa ya ndani hutanuka na kutafuta pa kutokea. Usiku likipoa, huvuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake, na kitundu cha pini kwenye uchomeleaji kinatosha kabisa. Hapo pwani unyevu huo unakuja na chumvi.

Tangu siku ile, mchoro ukiletwa kwenye karakana yetu, kabla ya kupiga hesabu ya vyuma nauliza: tone likiangukia hapa, litatokea wapi? Kila palipo na uwazi ndani, toboa tundu sehemu ya chini kabisa, milimita 10 au 12. Dogo zaidi ya hapo huziba kwa rangi na mchanga. Pezi lililokaa kama bakuli linamishe kidogo. Nguzo usiizamishe kwenye zege: ichomelee bamba nene chini, ifunge kwa boliti zilizozikwa kwenye msingi, na uso wa zege uupe mteremko ili maji yasituame mguuni.

Kama bajeti inaruhusu, ipeleke kazi yote kiwandani ichovywe kwenye zinki iliyoyeyushwa, imkinge na kutu, kabla ya rangi. Lakini uliza kwanza vipimo vya chombo cha kuchovyea, ndipo uamue sanamu igawanywe vipande vingapi vya kuunganishwa kwa boliti. Na matundu yawepo tayari. Zinki ile iliyoyeyuka ina joto la nyuzi 450 hivi. Bomba lililozibwa likizamishwa humo linaweza kupasuka kama bomu na kuwaua waliosimama kando. Mwambie mwenye kiwanda kila palipo na uwazi, hata kama hajauliza.

Ukilazimika kuchomelea chuma chenye zinki, saga zinki yote kwanza pale unapounga, fanyia kazi mahali penye upepo na uvae barakoa ya kuzuia moshi. Ule moshi mweupe huleta homa na kutetemeka usiku. Vijana wengi wa kazi hii wanaamini glasi ya maziwa inakinga. Haikingi, na inaniuma kuona bado tunafundishana hivyo.

Wateja huniletea picha ya Angel of the North, ile sanamu ya Antony Gormley iliyosimamishwa Gateshead, Uingereza, mwaka 1998, wakitaka chuma kisichopakwa rangi, chenye kutu nzuri ya kahawia. Ile ni aina maalumu ya chuma chenye shaba kidogo, ambacho kutu yake hushikamana na kukilinda. Kwenye upepo wa chumvi wa ufukweni ngozi hiyo haitulii, chuma huendelea kuliwa. Kwa chuma chetu cha kawaida cha dukani ndiyo kabisa usijaribu. Cha kuiga pale ni msingi: sanamu ina kimo cha mita 20, na nguzo za zege zilizoibeba zimezama mita 20 ardhini. Mabawa yake ya mita 54 yanakamata upepo kama tanga. Na nduaro wako pia ni tanga, kwa hiyo mlipe mhandisi akupigie hesabu ya msingi.

Uzito nao uujue mapema. Shiti moja ya futi 4 kwa 8, milimita 3, ina kilo 70 hivi. Pete za kuinulia zichomelee kwenye mifupa, kamwe si kwenye ngozi. Ngozi yenyewe ishikize kwanza kwa nukta za kuchomelea pande zote, kisha uunge kipande kifupi huku, kifupi kule. Ukiunga mstari mmoja mrefu, shiti itajikunja.

Nduaro wa pili tulimtengeneza kwa gharama yetu. Kila masika yakianza naenda na waya mwembamba, nachokonoa tundu lililo chini ya mkia, na kusubiri hadi nione tone linadondoka.