Fundi Anajibu: Redio ya Setilaiti Ndani ya Ndege

Shikamoo fundi. Kaka yangu aliye Marekani amenitumia redio ndogo ya SiriusXM. Nikikaa dirishani kwenye ndege ya Dar, itashika? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Haitashika, hata ukaketi na rubani. Mawimbi ya setilaiti zake yameelekezwa Marekani ya Kaskazini, na huduma yenyewe ni ya kulipia. Itunze mpaka utakapokwenda kumtembelea.

Mimi nina redio ya setilaiti ya kampuni ya WorldSpace, ya marehemu baba, bado inawaka. Vipi hiyo? (Ujiji)

Hiyo ilikuwa ya kwetu kweli. Setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998 kwa ajili ya Afrika, ikawekwa juu ya ikweta, nyuzi 21 mashariki. Mwaka 2008 kampuni ikaangukia kwenye ufilisi, baadaye matangazo yakakoma. Kuwaka itawaka, ila hakuna cha kupokea.

Na hata enzi zake, dirisha lisingekufaa. Mawimbi haya hayapenyi bodi ya ndege. Antena lazima "ione" setilaiti. Abiria wa Chicago huziona setilaiti za ikweta upande wa kusini, usawa wa katikati ya anga, kwa hiyo dirisha la upande huo laweza kumsaidia. Sisi wa Kigoma tunazo karibu utosini. Tazama madishi ya hapo mtaani, yamelala chali kama bakuli la kukinga mvua. Dirisha la ndege linatazama ubavuni. Juu yako ni bati tupu.

Redio inapokea tu, hairushi kitu. Kwa nini mhudumu aliniambia nizime? (Tabora)

Wengi wanaamini hivyo, lakini redio nazo huvujisha. Redio nyingi za FM hutengeneza mawimbi yao ya ndani, kwa kawaida megahezi 10.7 juu ya stesheni unayosikiliza. Ukifungulia 100.0, ndani kunapigwa 110.7, na kiasi hutoka nje. Sasa, kati ya 108 na karibu 118 ndipo rubani anapopokea ishara za mitambo ya ardhini inayomwonyesha njia na mstari wa kutua. Ishara hizo zinaweza kuwa hafifu, na antena za ndege haziko mbali na kiti chako.

Redio ya setilaiti hupokea juu zaidi, kwenye megahezi 1,400 na kuendelea. Tatizo ni kwamba baadhi ya zile za mkononi zina kirushio cha FM cha kupeleka sauti kwenye redio ya gari. Hicho kinarusha kwa makusudi! Mhudumu hawezi kukagua ya kila abiria, na mimi namuunga mkono. Marekani kanuni imeruhusu wazi vitu vichache, mojawapo mashine ya kunyolea ndevu. Vingi vilivyobaki huamuliwa na shirika la ndege.

Naruhusiwa kuibeba kwenye begi? (Tabora)

Ndiyo, ikiwa imezimwa. Betri za akiba za lithiamu usiziweke kwenye mzigo wa chini. Kaa nazo kwenye begi la mkononi.

Basi nisikilize nini angani? (Kigoma)

Pakua vipindi ukiwa nyumbani, weka simu kwenye hali ya ndege, vaa hedifoni. Mpira wa moja kwa moja utausikia ukishatua.